Gari likiganda barafu ughaibuni, USIPIGE STATA kwanza!

Leo naleta kitu ambacho huku Dar kitaonekana kichekesho, lakini kwa ndugu zetu walioko Minnesota, Kanada, Sweden na Finland ni suala la mtu kufika kazini au kukaa bila gari mpaka mwezi wa nne. Maji kuganda ndani ya injini. Sio barafu kwenye kioo, sio mlango kugoma kufunguka. Nasema ndani ya injini yenyewe: kwenye rejeta, kwenye mipira, kwenye pampu ya maji, mpaka kwenye bloku.

Najua wengi mnaosoma hapa mko kafe mnajaza fomu za chuo au mnasubiri kaka aliyeko huko ajibu meseji. Sasa wewe ndiye umtumie hii. Maana ukweli ni kwamba kinachoua magari ya Waswahili kule siyo baridi peke yake. Ni baridi pamoja na tabia tuliyotoka nayo nyumbani.

Tabia yenyewe mnaijua. Gari linachemsha pale Ubungo, dereva anafungua boneti, konda anakimbia kuomba maji kwenye kibanda cha mama ntilie, yanamiminwa, safari inaendelea. Maji ya bomba, ya kisima, hata ya mtaro nimeshaona. Magari mengi yaliyotumika yanaingia kutoka Japani yakiwa na kulanti nzuri tu, ya pinki au nyekundu au kijani. Ikipungua tunajazia maji, ikipungua tena maji, mwaka ukiisha kwenye rejeta kuna maji matupu yenye rangi ya kutu. Huku kwetu adhabu yake ni ndogo na inakuja taratibu: kutu, magadi ya chumvi ndani ya rejeta, pampu kuanza kuvuja. Kwenye baridi kali adhabu inakuja usiku mmoja.

Kwa nini? Tukumbuke fizikia ya sekondari. Vitu vingi vikipoa vinasinyaa. Maji ni mkaidi, yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Ndiyo maana chupa ya kioo uliyoijaza mpaka mdomoni ukaisahau kwenye friza inapasuka, na zile barafu za mtaani za kwenye nailoni zinatuna. Chukulia daladala ya asubuhi. Abiria wakiwa wamesimama wanabanana wanaenea wote. Sasa waambie wote wakae kwa mpangilio, kila mtu na nafasi yake, miguu imenyooshwa. Hawaenei tena. Maji yakiwa maji ni wale waliosimama, yakiwa barafu ni wale waliokaa. Na ndani ya bloku ya injini hakuna pa kuongezea viti.

Wengine watasema chuma ni chuma, kitavumilia. Hapana. Chuma kile cha kumiminwa kwenye kalibu ni kigumu lakini hakivutiki. Alumini ya silinda hedi ndiyo hivyo hivyo. Barafu ikisukuma, kinapasuka.

Halafu kuna vile vizibo vya bati vya duara pembeni mwa bloku. Huko baridi utaambiwa viliwekwa ili vifyatuke maji yakiganda, injini ipone. Siyo kweli hivyo. Ni matundu ya kiwandani, ya kutolea mchanga wa kalibu baada ya bloku kumiminwa, kisha yakazibwa. Wakati mwingine kizibo kinafyatuka kweli na bloku inasalimika. Wakati mwingine bloku imepasuka na kizibo kiko pale pale kinakutazama tu. Usikitegemee.

Sasa hilo la kupasuka ni tatizo moja. La pili ndilo linalowachanganya watu: gari lililoganda LINACHEMSHA. Ndiyo, nje nyuzi -20 na injini inachemsha kama iko Chalinze saa nane mchana. Ukiwasha, moto unawaka ndani ya silinda kama kawaida. Kwa kawaida pampu ingesukuma maji yabebe lile joto yapeleke kwenye rejeta. Lakini rejeta ni barafu, au mpira wa chini una uji wa barafu, kwa hiyo hakuna kinachozunguka. Joto linabaki pale pale kwenye silinda hedi. Upande mmoja unaungua, mwingine umeganda. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua. Mtu anakuwa ameua kwa mkono wake injini ambayo barafu ilikuwa haijaiua bado.

Na pampu nayo. Kama barafu imeishika, haizunguki, lakini mkanda unalazimishwa kuizungusha. Utasikia mlio mkali, harufu ya mpira kuungua, halafu mkanda unakatika. Mbaya zaidi ni kwenye zile injini ambazo pampu inaendeshwa na taimingi belti. Hiyo ikiruka meno au ikikatika, kwenye injini nyingi valvu zinagongana na pistoni. Hapo hatuzungumzii tena maji, tunazungumzia kununua injini nyingine.

Sasa nisimulie ya ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alifikia kwanza Houston, Texas, akanunua sedani ya zamani ya bei poa. Kiangazi chote akawa anaijazia maji ya bomba kama alivyozoea Mbagala, maana Houston jua lake si mchezo. Mwezi wa kumi akapata kazi ya usiku kwenye ghala kule Minneapolis, akaliendesha gari mpaka huko. Desemba usiku mmoja baridi ikashuka, asubuhi gari halieleweki. Unajua alifanya nini? Alimpigia mjomba wetu, fundi wa gereji ya chini ya mwembe, miaka zaidi ya ishirini kwenye ufundi.

"Shikamoo mjomba. Gari limeganda."

"Marahaba. Limeganda nini, gia?"

"Maji mjomba. Maji yamekuwa barafu kwenye rejeta."

Kimya. Halafu mjomba akasema, "Sasa si uliwashe lipate moto, liyeyuke?"

Wadau msimcheke mjomba. Ukimpa injini yoyote ya Kijapani anaifungua na kuifunga macho yamefumbwa, lakini barafu kwenye rejeta hajawahi kuiona maisha yake yote, na atakapoionea Buguruni sijui. Jibu lake ndilo ambalo akili ya kila mtu ingetoa: kitu kimeganda, kipashe moto. Na ndilo jibu baya kuliko yote. Jamaa akawasha, mkanda ukapiga yowe, moshi ukaanza. Bahati nzuri mzee mmoja jirani, mwenyeji wa kule, akatoka na slipasi kwenye theluji anapunga mikono: zima, zima! Akazima. Zile zilikuwa sekunde chache tu.

Kwa hiyo mdau, dalili ni hizi. Kulikuwa na baridi kali usiku, na wewe unajua humo ndani uliweka maji. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa mkono: ukiwa mgumu kama gogo, au ukisikia kitu kinasagika ndani kama sukari guru, ni barafu. Angalia kile kichupa cha akiba, kama kuna vipande au uji mweupe unaelea. Na kama ulishawasha: mkanda unalia, hita ya ndani inapuliza baridi tu, huku mshale wa joto unapanda haraka. Zima papo hapo. Usiseme ngoja nifike hapo mbele.

Halafu? Halafu subira. Barafu inatakiwa iyeyuke taratibu, injini yote pamoja, bila kuwashwa. Njia bora ni kulisukuma au kulivuta mpaka kwenye gereji yenye joto, uliache humo usiku mzima, ikiwezekana siku nzima. Bloku ni donge kubwa la chuma, barafu iliyo katikati yake inachukua muda kuachia hata kama nje pameshakauka. Rejeta inaweza kuwa imeyeyuka na bloku bado. Huna gereji? Muombe mtu. Wenyeji wa nchi za baridi wanalijua tatizo hili na mara nyingi wanasaidia. Ikishindikana kabisa, funika boneti na mbele kwa mablanketi, weka hita ya umeme ya kupuliza mbele ya rejeta, na ukae hapo uiangalie, usiiache ukaenda kulala. Au subiri hali ya hewa ibadilike, hata siku tatu. Basi la abiria lipo.

Ambayo HUFANYI: hupeleki jiko la mkaa chini ya gari. Najua kuna mtu ameshalifikiria hilo. Chini ya injini kuna oili, petroli na nyaya, na ukifanya hivyo kwenye banda lililofungwa, kaboni monoksaidi ya mkaa inakuua wewe kabla gari halijayeyuka. Haina harufu. Ndiyo ile ile inayotoka kwenye eksozi, kwa hiyo hata baadaye ukishaliwasha, mlango wa gereji uwe wazi. Humwagii maji yanayochemka kwenye injini iliyoganda pia, maana chuma cha baridi vile kikipigwa na maji ya moto ghafla kinaweza kupasuka chenyewe. Na huling'ang'anii funiko la rejeta kwa nyundo.

Likishayeyuka bado usiwe na haraka. Tandika boksi kubwa chini ya injini, jaza maji mpaka juu, usiwashe, subiri nusu saa uone. Tone linatoka wapi? Mpira uliopasuka ni kitu kidogo, unabadilisha mwenyewe. Rejeta iliyopasuka inauma mfuko lakini inanunulika. Kizibo cha bloku kilichofyatuka kinarudishwa kipya, ingawa kuna ambavyo vimejificha nyuma kwenye gia boksi, na hapo kazi inakuwa kubwa. Chomoa stiki ya oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, USIWASHE kabisa, ita fundi. Angalia na mazulia ya ndani upande wa abiria, kama yamelowa basi ile rejeta ndogo ya hita imepasuka.

Ukiona kila kitu kikavu, ndio unawasha. Hita ya ndani fungulia joto lote, jicho kwenye mshale wa joto. Ndani ya dakika kadhaa hewa ya moto ikitoka, mzunguko upo. Ikiendelea kuwa baridi na mshale unapanda, zima tena, bado kuna barafu mahali au kuna hewa imekwama. Baada ya hapo mpe fundi apime mfumo kwa presha, kwa sababu kuna ufa unaovuja gari likiwa la moto tu. Kule Marekani maduka mengi ya spea yanaazimisha hicho kipimo, unaacha dhamana unaenda kupima mwenyewe.

Bloku yenyewe ikiwa na ufa, sitakudanganya. Kuna mafundi wa kushona chuma, kuna dawa za chupa za kuziba ufa, lakini kwa gari la bei poa mara nyingi hesabu haikubali. Zile dawa za chupa zitakufikisha nyumbani, hazitakufikisha kiangazi. Ndugu yangu yeye alitoka na mpira mmoja na kizibo kimoja. Angesubiri mpaka mkanda ukatike, stori ingekuwa nyingine.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli. Kazi yake ni kujichomeka katikati ya maji yasipate kujipanga. Ni konda anayepita katikati ya wale abiria wa daladala, kila anayetaka kukaa anamsimamisha. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi -37 za Selsiasi. Kumbe basi ukiweka glaikoli tupu si ndiyo bora zaidi? Hapana! Glaikoli tupu inaganda karibu nyuzi -13, yaani ni dhaifu kuliko mchanganyiko, na inabeba joto vibaya. Hapa wajanja wengi wanakwama. Sehemu 6 za dawa kwa 4 za maji inakupeleka karibu nyuzi -50, na hapo inatosha hata kwa wale wa Winnipeg.

Soma kibandiko. Kuna galoni zilizochanganywa tayari na kuna ambazo ni dawa tupu, zinakaa rafu moja na zinafanana. Ukinunua iliyochanganywa ukaongeza maji tena, umerudi kule kule. Na kama gari lilikuwa na maji, ukifungua koki ya rejeta siyo yote yanatoka, mengine yanabaki kwenye bloku na kwenye hita. Kwa hiyo mfumo wa lita 6, mimina kwanza lita 3 za dawa tupu, ndipo ujazie maji mpaka juu. Maji yenyewe yawe yale yasiyo na chumvi, yanayouzwa kwa galoni. Rangi isikudanganye, kila kiwanda kina rangi zake, fuata kitabu cha gari. Na Marekani wanaandika kwa Farenhaiti: ukiona -34 pale ni sawa na -37 zetu, na maji yanaganda kwenye 32. Zikifika -40 vipimo vyote viwili vinakutana, hahaha, hapo hata hesabu imeganda.

Mtu atauliza, kwani baridi ya -37 ipo kweli? Kijiji cha Tower, Minnesota kilipima nyuzi -51 tarehe 2 Februari 1996. Januari 2019 jiji la Minneapolis lilifika -33. Na usijidanganye kwamba uko kusini. Februari 2021 Dallas, Texas ilifika -19, mahali ambapo watu wanaendesha na maji matupu kwa sababu "huku joto". Kitu kingine, kwenye taarifa za hewa wanasoma namba mbili, ya joto la hewa na ya upepo unavyohisiwa kwenye ngozi. Hiyo ya pili ni ya ngozi yako. Upepo unaipoza injini haraka zaidi, lakini haiwezi kuishusha chini ya joto la hewa yenyewe. Angalia namba ya kwanza.

Zamani kabla ya glaikoli kuenea watu walitumia pombe kali ya viwandani, ambayo ilikuwa inakauka injini ikipata moto. Wengine walimwaga maji yote jioni, asubuhi wanaweka ya uvuguvugu. Halafu jamaa mmoja wa Grand Forks, North Dakota, Andrew Freeman, akapata hataza mwaka 1949 ya hita ya umeme ya kuchomeka kwenye injini. Mpaka leo ukienda Winnipeg utaona magari yana waya na plagi vinaning'inia mbele, na kwenye maegesho kuna soketi. Mgeni anadhani yote ni magari ya umeme. Siyo, ni petroli zinapashwa damu. Hiyo hita ni ya kuchomeka jioni ili asubuhi injini iwashe vizuri. Haichukui nafasi ya kulanti.

Kingine cha kutoka nyumbani: themostati. Mafundi wetu gari likichemsha wanaing'oa wanatupa, "hii inazuia maji". Ukiwa baridi ukafanya hivyo injini haipati joto lake, inakula mafuta, na hita ya ndani inapuliza upepo wa Makete mwezi wa saba. Irudishe.

Na hili naomba lisomwe na kila mtu, hata asiye na gari. Kulanti ni SUMU na ina utamu. Mbwa na paka wanailamba, mtoto anaweza kuinywa. Inaharibu figo na inaua. Ukimwaga, kusanya, usiache dimbwi, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda kama tunavyofanya na mafuta ya taa. Mtu akinywa hata kidogo, hospitali mara moja, usingoje aanze kutapika.

Kwa ndugu yako aliyefika juzi akanunua gari mkononi mwa mtu, kazi ni moja na aifanye kabla ya mwezi wa kumi na moja. Kuna kipimo kidogo cha plastiki cha kunyonyea kulanti, kina vigololi au mshale, kinauzwa bei ya chakula cha mchana. Injini ikiwa YA BARIDI (ya moto usifungue funiko, itakuchoma uso), anafungua, ananyonya, anasoma itaganda kwenye nyuzi ngapi. Mwenye gari aliyemuuzia atasema "iko poa". Kipimo ndicho kitakachosema kama iko poa.

Wadau mlioko kwenye baridi dondosheni uzoefu hapo chini, hasa wa Sweden na Finland, huko mnatumia hita za aina gani? Mjomba ameomba nimprintie majibu.